Je, Mzee Hana Thamani kwa Mfanyabiashara?



Katika hesabu zake za mwezi Mei mwaka 2025, kampuni ya Nielsen ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuhesabu watu wanaotazama televisheni, ilieleza jambo ambalo halikupata kutokea tangu kazi hiyo ianze. Kwa mara ya kwanza, muda ambao Wamarekani waliutumia kutazama vipindi vinavyopitia mtandao wa intaneti ulizidi muda walioutumia kutazama stesheni za hewani na stesheni za waya zikichanganywa pamoja. Intaneti ilipata asilimia 44.8 ya muda wote. Stesheni za hewani na za waya zilipata asilimia 44.2. Tofauti ni ndogo, lakini maana yake ni kubwa. Vijana wamekwisha kuhama. Wengi wa waliobaki mbele ya televisheni ya kawaida wakati wa jioni, wakingoja taarifa ya habari, ni watu wenye mvi. Umri wa katikati wa watazamaji wa mashirika makubwa ya televisheni ya nchi ile umepita miaka 60.

Sasa wakubwa wa mashirika hayo wamelazimika kulirudia swali ambalo kwa muda mrefu walidhani wamekwisha kulijibu: je, mzee anafaa kutangaziwa bidhaa? Jambo hili linastahili kutazamwa na sisi pia, kwa sababu jibu lake ndilo huamua ni kipindi gani kiishi na kipi kife, na kwa sababu kipimo kilichotumiwa na Wamarekani kulijibu kimesafiri mbali sana na nchi kilikozaliwa.

Yapasa kwanza tuifahamu biashara yenyewe. Mtu wa kawaida hudhani kwamba stesheni inayojiendesha kwa matangazo huuza vipindi. La, vipindi hutolewa bure. Kinachouzwa ni macho na masikio ya watu, na wanunuzi ni wenye viwanda vya sabuni, magari, bia na dawa ya meno. Mtazamaji aliyeketi sebuleni kwake na kikombe cha chai mkononi ndiye bidhaa. Na kama ilivyo kwa kila bidhaa ifikayo sokoni, hapana budi awe na kipimo na awe na bei.

Hapo mwanzo kipimo kilikuwa ni wingi. Nielsen walipoanza kupima televisheni mwaka 1950, walihesabu tu nyumba ngapi zimefungulia stesheni gani. Utaratibu huo uliwapendeza CBS na NBC, ambao walikuwa wakubwa na walifika kila mahali. Lakini shirika la tatu, yaani ABC, lilikuwa dhaifu. Stesheni zake zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa katika miji. Katika mashindano ya wingi lisingeweza kushinda, kwa hiyo likatafuta mashindano mengine. Likasema kwamba watazamaji wake, ingawa ni wachache, ni vijana wenye familia changa, wenye haja ya kununua jokofu la kwanza na gari la kwanza. Na likataka watazamaji wahesabiwe kwa umri. Polepole wenye viwanda wakakubali, na ndivyo kilivyotawazwa kipimo cha watu wa miaka 18 hadi 49.

Nawaomba wasikilizaji wakitie akilini chanzo hiki. Kipimo ambacho baadaye kilichukuliwa kama kanuni ya elimu kilitokana na haja ya mchuuzi mwenye kapu dogo, aliyewaambia wanunuzi kwamba maembe yake ni machache lakini ni matamu kuliko ya jirani. Tena kwa wakati ule huenda yalikuwa matamu kweli. Watoto waliozaliwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, kati ya mwaka 1946 na 1964, walikuwa wapatao milioni 76, na katika miaka ya 1960 walianza kuingia utu uzima mmoja baada ya mwingine. Mwenye kuwafuata vijana mwaka 1968 alikuwa anafuata wingi pia. Kosa ni la waliokuja baadaye, waliokishika kipimo cha majira yale na kukifanya sheria ya daima, hata watu wale wale milioni 76 walipokuwa wamezeeka.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1971 shirika la CBS, chini ya rais wake Robert Wood na mkuu wake wa vipindi Fred Silverman, lilifyeka vipindi vyake kama mkulima afyekavyo pori. Viliondoka The Beverly Hillbillies, Green Acres, Mayberry R.F.D. na Hee Haw, vyote vikiwa ni vipindi vyenye harufu ya shamba, na kiliondoka kipindi cha Ed Sullivan kilichokuwa hewani tangu mwaka 1948. Havikuwa vimekosa watu. Mayberry R.F.D. na Hee Haw vilikuwa bado miongoni mwa vipindi 20 vilivyotazamwa zaidi nchini. Ila waliovitazama walikuwa wazee na watu wa mashambani, na CBS haikutaka tena kuwapeleka watu hao sokoni.

Mwaka huo huo ABC ilimwondoa Lawrence Welk, kiongozi wa bendi aliyependwa mno na vikongwe kwa muziki wake wa taratibu. Bwana huyo hakukaa kulia. Alikwenda kwa stesheni moja moja za mikoani, akaziuzia kipindi chake mwenyewe, na kikaendelea kupigwa hadi mwaka 1982. Miongoni mwa waliokidhamini walikuwamo watengenezaji wa Geritol, dawa ya kuongeza nguvu. Kwa hiyo wazee waliosemekana kuwa hawana faida waliweza kukilisha kipindi kizima, pamoja na bendi yake, kwa miaka 11 baada ya kufukuzwa.

Tukio kama hilo limerudi mara nyingi. Kipindi cha Murder, She Wrote, ambamo Angela Lansbury aliigiza mwanamke mjane mwandishi wa vitabu anayefichua wauaji, kilianza mwaka 1984 na kwa miaka mingi kilikuwa kati ya vipindi vilivyopendwa kuliko vyote. Katika miaka ya 1990 ABC iliweka kipindi cha vijana, Lois & Clark, katika saa ile ile ya Jumapili. Cha vijana kilikuwa na watazamaji wachache, lakini tangazo ndani yake liliuzwa kwa bei kubwa kuliko tangazo katika kipindi cha bibi Lansbury. Yaani wachache walipimwa kuwa wazito kuliko wengi. Mwaka 1995 CBS ilikihamisha kipindi chake hicho kutoka Jumapili, siku ambayo wazee walikuwa wamekwisha kuizoea, na kukipeleka Alhamisi kupambana na vichekesho vya vijana vya NBC. Mwaka uliofuata kikafa. Na mwaka 2012 NBC ilikatisha Harry's Law, mchezo wa mwanasheria wa kike ulioigizwa na Kathy Bates, ingawa ulikuwa miongoni mwa michezo ya aina yake iliyotazamwa zaidi katika shirika hilo. Wakubwa wa NBC hawakuficha sababu: watazamaji wake walikuwa na umri mkubwa mno.

Lakini ni haki tuwasikilize wafanyabiashara nao, maana hawakuwa wajinga wa hesabu. Wana hoja mbili.

Hoja ya kwanza ni ya uhaba. Mzee hukaa nyumbani, na televisheni yake huwashwa tangu asubuhi. Mwenye tangazo humpata kwa urahisi, hata bila kumtafuta, akiweka tangazo lake mahali popote. Kijana ni adimu. Yuko kazini, yuko kiwanjani, yuko katika muziki. Kipindi kinachomkalisha chini kijana kwa nusu saa kina bei yake, kama vile samaki wanavyopanda bei ziwa linapochafuka. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayoeleza mambo ya Lois & Clark vizuri zaidi kuliko dharau yoyote kwa wazee. Hata hivyo, mwenye akili ataona kwamba ni hoja juu ya bei ya kumfikia mtu, wala haisemi lolote juu ya fedha zilizomo mfukoni mwake. Wafanyabiashara walivichanganya vitu hivi viwili. Waliona kwamba mzee anapatikana kwa bei rahisi, wakahitimisha kwamba mzee mwenyewe ni rahisi.

Hoja ya pili ni ya mazoea. Wanasema kwamba mtu huchagua sabuni yake, kahawa yake na gari lake angali kijana, na akishachagua habadiliki. Kwa hiyo fedha za kumtangazia mtu wa miaka 65 ni sawa na maji yanayomwagwa mchangani. Kwa sabuni labda. Lakini tutazame simu za mkononi za kisasa, zile zenye intaneti. Hakuna mzee aliyezizoea katika ujana wake, kwa kuwa hazikuwapo. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilikuta mwaka 2012 kwamba asilimia 13 tu ya watu wa miaka 65 na zaidi walikuwa nazo; mwaka 2021 walikuwa asilimia 61. Katika miaka tisa, watu wanaosemekana kuwa hawabadiliki walikuwa wamenunua kifaa kipya, cha bei ghali, na wakajifunza kukitumia, mara nyingi kwa sababu walitaka kuwaona wajukuu wao walio mbali.

Na fedha zenyewe ziko wapi? Kwa hesabu za Benki Kuu ya Marekani, kizazi kile cha mwaka 1946 hadi 1964 kinashika karibu nusu ya mali yote ya kaya za nchi ile: nyumba, hisa na akiba. Tusidanganyike hata hivyo na jumla kubwa. Katika nusu hiyo wamo matajiri wachache walioibeba sehemu kubwa, na wako mamilioni ya wazee wasio na kitu ila malipo ya uzeeni yaliyowekwa na sheria ya mwaka 1935. Lakini vijana nao wamo mafukara na matajiri, wala hakuna aliyewahi kusema kwamba kijana asitangaziwe kwa kuwa baadhi ya vijana ni mafukara.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kuliko hesabu. Mwaka 1955 kampuni ya vyakula ya Heinz iligundua kwamba wazee wengi wenye meno ya bandia walikuwa wakinunua vyakula laini vya watoto wachanga. Kampuni ikaona imepata soko. Ikatengeneza chakula laini cha makopo kwa ajili ya wazee, na ikaandika juu ya kopo, bila ya haya, kwamba hiki ni chakula cha wazee. Hakikununuliwa. Mtu aliyekuwa tayari kununua chakula cha mtoto, pengine kwa kumwambia mwenye duka kwamba ni cha mjukuu, hakuwa tayari kusimama mbele ya watu na kopo linalomtangaza kuwa hana meno. Kampuni ilikuwa na hesabu sahihi ya meno, ikakosea hesabu ya heshima. Kisa hiki kina miaka 70, na wafanyabiashara wengi hawajakisoma hata leo. Wanapoamua hatimaye kumtangazia mzee, humtangazia uzee wake.

Ulinganishe na walivyofanya Wendy's, wenye migahawa ya mikate yenye nyama, mwaka 1984. Walimchukua Clara Peller, mwanamke wa Chicago mwenye miaka 81 ambaye zamani alikuwa mtengeneza kucha, wakamweka mbele ya mkate mkubwa wenye kipande kidogo cha nyama, naye akauliza kwa sauti ya ukali nyama iko wapi. Basi. Hakupewa mkongojo, wala hakulalamikia viungo. Alikuwa mnunuzi mkali aliyejua thamani ya fedha yake, kama walivyo bibi wengi katika masoko yetu. Nchi nzima ililichukua neno lake. Hata Walter Mondale, alipokuwa akitafuta uteuzi wa chama cha Democratic mwaka huo, alilitumia kumuuliza mpinzani wake Gary Hart sera zake ziko wapi. Na walioitika tangazo lile walikuwa watu wa kila umri.

Leo mtu akitazama taarifa ya habari ya jioni katika mashirika makubwa ya Marekani, anaweza kudhani kwamba wazee wamekwisha kushinda, kwa maana matangazo yote yanawahusu wao. Mwaka 1997 Idara ya Chakula na Dawa ya nchi ile ililegeza masharti, na tangu hapo kampuni za dawa zimeimiminia televisheni matangazo ya dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari. Jambo hili ni haramu karibu duniani kote. Nchi inayotajwa pamoja na Marekani kwa kuliruhusu ni New Zealand. Tangazo huonyesha mzee mwenye tabasamu akitembea na mbwa wake bustanini, huku sauti ikisoma kwa haraka madhara ya dawa hiyo, likiwamo pengine la kifo. Kwa hiyo mzee ametambuliwa, lakini ametambuliwa kama mgonjwa. Anayeuza gari, viatu vya kutembelea au safari ya Roma hayupo pale. Watu hao hao wana nyumba za kupaka rangi, wana harusi za wajukuu za kugharimia, wana mapenzi yao. Sijui ni dharau gani kubwa zaidi: kumpuuza mtu kabisa, au kumkumbuka kwa ajili ya figo lake tu.

Walikuwako walioliona hili mapema. Mwalimu mstaafu wa California, Ethel Percy Andrus, alianzisha mwaka 1958 chama cha wastaafu kinachojulikana kwa jina la AARP, pamoja na gazeti lake. Chama kina wanachama wapatao milioni 38, wa miaka 50 na zaidi, na gazeti lake husambazwa kwa mamilioni ya nakala. Wenye matangazo waliokataa kununua dakika moja katika kipindi cha wazee hununua kurasa ndani ya gazeti hilo.

Huko Japani mjadala huu umekwisha, kwa kuwa maumbile yameumaliza. Karibu watu watatu katika kila kumi wamepita miaka 65. Mwaka 2024 kampuni ya Oji ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la nchini, na itatia nguvu zake katika nepi za watu wazima.

Sisi hapa Uganda tuko upande wa pili kabisa wa mizani. Hesabu ya watu ya mwaka 2024 ilikuta watu karibu milioni 46, na nusu yao wana umri chini ya miaka 18. Mwenye kampuni ya simu au ya soda akiangalia hesabu hiyo ataona kwamba swali la wazee halimhusu. Na mashirika ya matangazo, ambayo vitabu vyao vya kazi vimeandikwa huko kulikozaliwa kipimo cha miaka 18 hadi 49, yatamwambia amefikiri sawasawa. Kumbe hapa ndipo kipimo kile kinapofaa kidogo zaidi. Mtu wa Marekani mwenye miaka 20 ana mshahara wake na kadi yake ya benki. Huku kwetu kijana wa umri huo mara nyingi yu bado katika nyumba ya baba, na shamba ni la babu, na ng'ombe wakiuzwa ni mzee anayetoa idhini, na ada ya shule ikilipwa ni kikao cha wakubwa kilichoamua. Mwenye kuuza mbegu, mabati, mbolea au dawa ya mifugo, akimlenga kijana peke yake kwa muziki na kelele, anazungumza na mtu asiye na ufunguo wa sanduku.

Tena hayupo peke yake mzee katika matumizi yake. Mwaka 2010 ulianza hapa nchini, kwa majaribio katika wilaya chache, mpango wa kuwapa wazee malipo ya serikali, na ulipoenezwa nchi nzima uliwahusu waliofikisha miaka 80 na zaidi, kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Ni fedha kidogo. Waliounda mpango walitazamia kwamba zitamsaidia mzee kula. Zilimsaidia kula, lakini zilinunua pia madaftari, na kuku wa kufuga, na sabuni ya nyumba nzima, kwa sababu katika nyumba nyingi za vijijini bibi ndiye mlezi wa watoto ambao wazazi wao wamekwenda mjini au wamefariki.

Wachuuzi wa vijijini walilifahamu hili bila ya kuhesabiwa na Nielsen. Siku ya malipo, kabla hata ofisa hajafika na orodha yake, wao huwa wamekwisha kutandika magunia chini ya mwembe: chumvi, viberiti, mafuta ya kupaka, kandambili, kalamu za shule. Humwita kila mzee kwa jina lake, humuuliza hali ya watoto, na humwekea kigoda akae.